Bisibisi Namba Kumi na Saba

Ukitaka kumjua Mzee Leonce Rwegasira usimuulize habari zake, maana atakujibu "nzuri tu" halafu atanyamaza mpaka uondoke. Wewe shuka ngazi kumi na moja mpaka chumba chake cha chini ya nyumba, pale Brampton nchini Kanada, ufungue droo ya vijiko. Humo ametandika ubao mwembamba, na juu ya ubao amechora kwa wino mweusi umbo la kila kijiko, kila uma na kila kisu, na namba pembeni. Mtu anayeishi peke yake! Kila akimaliza kuosha vyombo anakirudisha kila kimoja kwenye mchoro wake, anahesabu, ndipo anafunga droo. Sasa nani atamwibia kijiko, jamani? Humo ndani hata panya hamna.

Ukutani kuna ubao mwingine, wa zana za kazi. Michoro ni ishirini na nne, zana ni ishirini na tatu. Mchoro wa kumi na saba, wa bisibisi fupi yenye mpini mnene, uko mtupu tangu siku alipouchora. Nyakundi, Mkisii aliyefanya naye kazi kwenye kiwanda cha matela ya malori, aliwahi kumnunulia bisibisi ya saizi ileile kuwa zawadi ya Krismasi. Mzee alishukuru sana, akaitia kwenye droo ya soksi.

"Mzee, si uweke hapo ukutani pajae?" Nyakundi akamuuliza.

"Hapo pana mwenyewe."

Nyakundi akacheka, akadhani ni utani wa Kitanzania.

Haukuwa utani. Bisibisi yenyewe ilikuwa mlemle chumbani, ndani ya sanduku, imefungwa kwenye kipande cha kanga ya marehemu mkewe. Haikuwa yake, ndiyo maana hakuitundika. Ilitakiwa irudi mikononi mwa Mchina mmoja, jenerali wa jeshi la anga, na Mzee Leonce alikuwa amebakiwa na haja moja tu hapa duniani: amwone yule mtu kabla mmoja wao hajafa, amrudishie, amwambie ni mimi niliyeichukua.

Ilianza mwaka 1974. Leonce alikuwa na miaka ishirini na minne, kijana wa Bukoba aliyepelekwa China akasomea ufundi wa ndege za kivita, akarudi anajua kufungua injini na kusoma herufi kama mia tatu hivi. Kambini walikuwapo walimu wa Kichina. Aliyewafundisha marubani alikuwa Luteni Fang Shouyi, mtu mwembamba, sikio lake la kushoto limekatika ncha, mpole kwa mambo yote isipokuwa moja. Hilo moja lilikuwa hesabu ya zana.

Kila ndege ilikuwa na ubao wake wenye zana ishirini na nne, kila moja na mchoro wake. Kabla ndege haijaruka, fundi alisimama wima mbele ya ubao, akagusa zana moja moja akihesabu kwa Kichina, kwa sauti, na mwisho akapiga ukelele: "Ershisi, qi le!" Yaani ishirini na nne, zimetimia. Hapo ndipo rubani alipotia sahihi kwenye daftari. Ikikosekana hata moja, ndege zote zinabaki chini, kwa sababu zana iliyosahaulika ndani ya ndege inaweza kukwamisha usukani angani na kumuua mtu. Fang alikuwa akisema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "Moja hapana, ndege hapana." Mafundi walimwigiza wakiwa kantini wakacheka mpaka machozi.

Nje ya geti la kambi aliishi binti mshona nguo, Paulina. Cherehani yake ilikuwa imekwama wiki mbili, na skrubu iliyokwamisha ilikuwa imejificha ndani kiasi kwamba bisibisi ndefu haikuingia. Leonce alikuwa amemtazama Paulina miezi mitano bila kupata neno la kumwambia. Unadhani alifanya nini? Jumatatu jioni alitia bisibisi namba kumi na saba ndani ya soksi, akatoka nayo getini akitembea kama mwenye jipu mguuni. Cherehani ikapona. Paulina akafurahi, akachemsha chai, maneno yakanoga, na kijana wa watu akarudi kambini anapiga mluzi. Bisibisi aliiacha juu ya meza ya cherehani.

Aliikumbuka asubuhi, akiwa tayari amesimama mbele ya ubao, na Luteni Fang yuko nyuma yake.

Hapo angesema. Sentensi moja tu ilitosha. Lakini ulimi ulikataa, na Fang akahesabu mwenyewe, ishirini na tatu. Ndege zote saba zikasimamishwa. Ilikuwa imebaki siku tatu marubani wa kwanza wa kambi wahitimu, wageni wameshaalikwa, ndege zilitakiwa kupita angani mbele ya wakubwa. Fang akaamuru kila mtu apige magoti kwenye nyasi za uwanja, watafute. Walitambaa siku tatu kwenye jua. Leonce naye alitambaa, bega kwa bega na mwalimu wake, anapapasa nyasi akitafuta kitu ambacho tangu jioni ya Jumanne, alipokifuata kwa Paulina, kilikuwa chini ya godoro lake.

Usimcheke. Alitaka kuirudisha. Lakini walikuwa wameshaanza kumpekua kila anayeingia kwenye banda la ndege, na kwa mtu wa jeshi wizi wa zana ulikuwa mahakama ya kijeshi. Akasema kesho, na kesho yake akasema kesho.

Siku ya kuhitimu, tarehe kumi na nne Juni, wageni walikaa chini ya maturubai, bendi ikapiga, marubani wakapanga mstari. Wakubwa wakamwita Fang pembeni, wakamwambia atie sahihi, bisibisi moja haiwezi kuwaaibisha mbele ya watu wote hawa. Akakataa. Wakambembeleza, wakamfokea. Akasema, "Ishirini na tatu," akalifunga daftari. Hakuna ndege iliyoruka. Wiki haikuisha, Luteni Fang akaambiwa afunge mizigo arudi kwao.

Siku ya kuondoka aliwapanga mafundi wote, akawapa mkono mmoja mmoja. Alipofika kwa Leonce aliushika mkono muda kidogo kuliko wa wengine. Au ilikuwa vivyo hivyo? Leonce alijiuliza swali hilo miaka thelathini. Amejua? Hajajua? Na je, nimemharibia maisha?

Akamwoa Paulina. Cherehani ile ilishona nguo za harusi yao, ikashona nepi, ikashona sare za shule za nusu ya mtaa. Kila ilipolia, Leonce alisikia nyasi. Hakumwambia mkewe. Angemwambia nini, kwamba chai yake ile ya kwanza ilimgharimu mtu kazi? Paulina alifariki mwaka 2001 bila kujua, na hilo lilimuuma mumewe karibu sawa na kifo chenyewe.

Mwaka 2003 binti yao Anastasia, muuguzi, alimwita Toronto aje amsaidie kumlea mjukuu. Mjukuu anaitwa Gift. Babu akimwambia kwa Kiswahili alete maji, maji yalikuja, na Kiingereza juu yake. Walipendana, lakini kwa kutazamana zaidi kuliko kuongea. Mwaka uliofuata Mzee akapata kazi kiwandani, na hapo ndipo Nyakundi alipomkuta akichora spana za kampuni ukutani, akamwuliza kama amewahi kuonwa na daktari.

Nyakundi huyohuyo ndiye aliyempeleka Markham, upande wa pili wa Toronto, Jumamosi moja ya mwaka 2005, kwenye duka kubwa la Wachina linalouza magimbi, mihogo na sato wanaoogelea. Mlangoni kulikuwa na rundo la magazeti ya Kichina ya bure. Mzee alichukua moja akamfungia samaki wake. Nyumbani alipomfungua, kwenye karatasi iliyolowa, katikati ya magamba, alikuwapo mzee mwenye kofia ya kijeshi, na sikio la kushoto halina ncha.

Akakaa sakafuni na karatasi yake. Herufi ya jina Fang ina mistari minne tu, hata mtoto haisahau. Akasoma alichoweza: jeshi la anga, meja jenerali. Jenerali! Hakufukuzwa, hakuishia kulima viazi. Mzee Leonce alicheka peke yake sakafuni, huku machozi yanamtoka, na Anastasia alipoingia akakuta baba yake anamwangalia samaki namna ile, akaingiwa na hofu.

"Baba, nini?"

"Samaki mzuri, mwanangu."

Hapo angesema pia. Hakusema.

Tangu hapo kila Jumamosi alipanda mabasi matatu kwenda Markham na matatu kurudi, masika na theluji. Akakusanya. Mwaka 2007 Fang ni naibu kamanda wa anga wa eneo zima la kijeshi. Mwaka 2008 amevaa nyota mbili, luteni jenerali. Mwaka 2010 amekagua kikosi, amenenepa kidogo, na Mzee akanung'unika kwamba wanamlisha vibaya. Kiwandani Nyakundi alikuwa na maelezo yake.

"Mzee, si uniambie tu ukweli. Huko Markham kuna mama Mchina amekushika."

"Nafuata gazeti."

"Gazeti! Hata mimi nasomanga gazeti, lakini si kwa basi tatu."

Mwaka 2009 Anastasia na mumewe walihamia Calgary kwa ajili ya kazi. Walimsihi baba waende wote. Akasema atabaki, kule hamjui mtu. Utafikiri hapa alikuwa anamjua nani! Alimjua Nyakundi, na watu wa misa ya Kiswahili mara moja kwa mwezi, ambao walimpa mkono na kumuuliza habari, naye akajibu nzuri tu. Ukweli ni kwamba aliogopa kuyaacha magazeti. Akahamia chumba cha chini kwenye nyumba ya familia ya Kipunjabi. Usiku wa kwanza alijikuta anawahesabu kwa vidole watu waliowahi kumwita kwa jina lake tu bila kumwita Mzee, na wote walikuwa wamekufa, isipokuwa mmoja, naye alikuwa kwenye magazeti.

Kulikuwa na mama wa makamo aliyepima magimbi dukani. Amezoea kumwona Mwafrika anapambana na gazeti, akawa anamsomea kwa Kiingereza wakati hakuna foleni. Mwaka 2012 jenerali alistaafu, na gazeti likachapisha historia yake yote. Mama akasoma: alizaliwa wapi, akajiunga lini, akatumwa Afrika lini. Halafu akarudia mstari mmoja mara mbili. Baada ya Afrika, alisema, miaka sita hakurusha ndege. Alipangwa kwenye ghala, kuhesabu mabuti na nati.

"Miaka sita?" Mzee akauliza.

"Sita."

Alilipa magimbi, akayasahau kaunta, akaenda kituoni akaacha mabasi mawili yapite. Furaha yote ya miaka saba iliishia hapo. Rubani, miaka sita chini, kwa sababu ya bisibisi iliyokuwa imelala chini ya godoro la mtu. Usiku ule alianza kumwandikia barua, ya tatu tangu alone picha ile, nayo kama zile mbili haikwenda popote. Angeandika anwani gani?

Basi, Mei mwaka 2014, mama wa magimbi alimpungia mkono kabla hajaingia hata mlangoni. Ameshika gazeti. Jenerali wako anakuja, alisema. Binti yake anaishi Unionville, hapohapo Markham, na amealikwa kuonyesha maandishi yake ya brashi, kazi ya kustaafu, kwenye ukumbi wa jumuiya. Siku moja tu, Jumapili, na atamwandikia kila mgeni herufi moja.

Jumamosi Mzee alinyoa ndevu mara mbili. Jumapili akavaa suti aliyomzikia Paulina, akatia mfukoni kanga yenye bisibisi, akaondoka saa moja asubuhi kwa shughuli ya saa nane. Ndani ya basi alijaribu maneno aliyoyapanga kwa Kichina miaka yote ile, akakuta yameyeyuka. Akajaribu kwa Kiingereza, yakawa maneno ya mtu mwingine. Alitamani kushuka. Alitamani sana, na kila kituo alikitazama, lakini hakushuka.

Foleni ilikuwa ndefu. Mbele, nyuma ya meza yenye karatasi na wino, alikaa mzee mdogo wa umbo, sweta la kijivu, na sikio ni lilelile. Kando yake binti yake akiwauliza watu wanataka herufi gani. Watu waliomba bahati, afya, amani. Zamu ya Leonce ilipofika, binti akamuuliza kwa Kiingereza kwa upole. Leonce aliifungua kanga juu ya meza. Kisha akarudi hatua moja, akasimama wima, mikono ubavuni, na akaanza kuhesabu kwa Kichina.

Moja. Mbili. Tatu. Sauti ilianza kwa kukwama, ikakaa sawa kwenye tano. Watu wa nyuma wakajisogeza waone. Kwa kila namba aligusa hewa mbele yake, mahali zana ilipokuwa ikining'inia. Jenerali alikuwa ameinua brashi, haikushuka. Kumi na tano. Kumi na sita. Kwenye kumi na saba Leonce aliinama, akaichukua bisibisi kwenye kanga, akaiweka mbele ya yule mzee, akaendelea mpaka mwisho.

"Ershisi, qi le!"

Binti akamshika baba yake begani. Jenerali aliitazama ile bisibisi, akaigeuza, akaiona namba iliyochongwa kwenye mpini. Alipoinua uso haukuwa uso wa kusamehe. Ulikuwa uso wa mwalimu.

"Fundi," alisema. Kwa Kiswahili. Kiswahili kilekile cha kuokoteza, kimeota kutu. "Siku tatu, nyasi."

"Ndiyo, Afande."

"Wewe pia, nyasi."

"Nilitambaa, Afande. Nilikuwa nayo mimi. Ilikuwa chini ya godoro langu." Na akalia pale pale, mzee mzima, mbele ya watu wasiomjua. "Nimesoma habari ya ile miaka sita. Nisamehe."

Fang alingoja amalize. "Mimi najua mtu mmoja anayo. Nashika mikono yote. Mkono mmoja tu, baridi sana." Akamwonyeshea kidole.

"Ulijua? Sasa kwa nini hukusema?"

"Kusema, kazi yako," jenerali akasema. "Si kazi yangu."

Ni kweli, na Leonce alijua ni kweli tangu mwaka 1974. Nyuma mtoto alikohoa, mtu akamnyamazisha.

"Inatengeneza nini?" Fang akauliza.

"Cherehani, Afande. Ya msichana wa nje ya geti. Baadaye akawa mke wangu."

"Cherehani." Alilitamka polepole, kama analitafuta ndani ya kichwa, mpaka likaja. Akafanya mkono mmoja uzungushe gurudumu hewani. "Na ikashona?"

"Ilishona miaka ishirini na saba. Mpaka alipokufa."

Jenerali akaitikia kwa kichwa mara kadhaa. Kisha akavuta karatasi safi, akachovya brashi, na hakuandika bahati wala amani. Aliandika tarakimu mbili, ishirini na nne. Chini yake akatia sahihi, ileile ya daftari, yenye mkia mrefu. Na chini ya sahihi akaweka tarehe. Leonce aliisoma ikiwa kichwa chini kutoka upande wake wa meza, akadhani amekosea, akaisoma tena. Kumi na nne, sita, sabini na nne.

"Sasa inaweza ruka," Fang akasema, akaitia bisibisi mfukoni mwa sweta.

Binti akamwita mtu aliyefuata.

Mzee Leonce alirudi kwa mabasi matatu ameshika karatasi kwa mikono miwili, hakukaa hata palipokuwa na kiti. Akiwa njiani alimpigia Anastasia. Anastasia alikuwa zamu, nyuma yake mashine zinalia.

"Baba, kuna tatizo?"

"Hakuna, mama. Nilitaka kukuhadithia habari za cherehani ya mama yako."

"Nitakupigia nikitoka, sawa Baba?"

"Sawa."

Chumbani jioni ile jua lilikuwa bado linaingia kwa kidirisha kidogo cha juu ukutani. Alikaa kitandani, kanga tupu mapajani. Miaka arobaini alikuwa na kitu cha kuficha, na kitu cha kuficha kumbe nacho ni mwenzio. Jumamosi ijayo hakuna gazeti la kufuata. Jambo hilo lilimjia taratibu na likamtisha kuliko foleni ya ukumbini.

Akainuka. Akaikunja ile karatasi iwe nyembamba, akaibandika ndani ya mchoro wa kumi na saba. Haikutosha vizuri, ilitokeza pembeni. Akarudi hatua moja, akasimama wima, akagusa zana moja moja kwa namba, akafika mwisho, akapiga ukelele kwa sauti yake yote.

"Ershisi, qi le!"

Juu, watoto wa mwenye nyumba waliacha kukimbia, wakasikiliza. Kisha wakaendelea kucheza, na yeye akaketi karibu na simu, akangoja Anastasia atoke zamu.